Mawe Mawili

Lakishi, mwezi wa kuvuna shayiri.
Mimi Mikneya nina miaka kumi na mitatu
na vidole vyeusi kwa wino wa masizi.
Mafunjo ya Misri ni ghali; tunaandika juu ya vigae,
mtungi wa mtu uliovunjika ndio daftari langu.
Mwalimu Yigali anasoma, sisi tunanakili mara thelathini:

    Jiwe moja mfukoni, hulaza mtu salama;
    mawili yakiwa ndani, yanagongana daima.

Mara ya tisa mkono ukafa ganzi.
Mara ya ishirini sikuyasoma tena maneno,
niliyachora tu, kama anayehesabu mbuzi wa mwenzake.

Usiku ule punda wetu alijikuna ukutani
(kwetu punda hulala chini, sisi juu yake)
na mfuko wa baba ukaanguka kutoka kigingini.
Ko!
Halafu, ko!
Mlio mmoja ungemezwa na giza. Ilikuwa miwili.

Niliyapima kwa viganja, mizani aliyozaliwa nayo kila mtu:
mgongo wa mviringo, tako bapa,
alama ileile iliyochongwa na patasi ileile,
lakini la kushoto lilikaa mkononi kama ganda la yai.
Zito la kununulia. Jepesi la kuuzia.
Na ada yangu kwa Yigali, vibaba sita vya shayiri kila mwaka,
imetoka wapi?
Nimesomeshwa haki kwa jiwe jepesi.

Mama Hogla alikuwa macho. Mikono yake haiachi kunuka zeituni.
"Utamwambia?"
"Langoni, mbele ya watu wote."
Alinitazama kama anayekagua mtungi wenye ufa,
akaninong'oneza msemo ambao mwalimu hajawahi kutusomea:

    Mafuta yakimwagika, hata jiwe litapata;
    neno baya likitoka, halina wa kulifuta.

Kisha akageukia ukuta. Sijui kama alilala.

Alfajiri nililitoa lile jepesi, nikafunga mfuko.
Langoni, mjane wa Hanuni akaja na kapu lake.
Mkono wa baba ukaingia mfukoni, ukakaa humo
muda wa kutosha kumenya komamanga.
Ukatoka na jiwe moja.
Hakunitazama. Alipima.
Mjane akachungulia kapu, akachungulia tena,
akadhani muuzaji amekosea,
akaondoka mbio asije akarudishwa.

Usidhani tulitakasika siku ile.
Zikri, aliyetujengea ukuta wa shamba la mizabibu,
alidai ujira wake siku tatu zaidi.
Kila jioni alisimama mlangoni, vumbi la chokaa hadi viwikoni,
na baba akasema: kesho.
Siku ya nne niliandika kigae,
nikakiweka chini ya bakuli la dengu:

    Ujira wa kibarua, usilale kwako nao;
    jua likitaka tua, kunao wamngojao.

Baba hajui kusoma. Alikigeuza, akakigeuza tena.
"Kinasemaje?"
Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa inavunjika mwaka ule,
ikapasuka kwenye neno la mwisho.
Alikula dengu zote. Akapangusa bakuli kwa mkate.
Halafu akachukua taa, akatoka;
na Zikri anakaa mbali, ng'ambo ya bonde.

Mwaka huu ada yangu ni vibaba vitano.
Mwalimu hakuhesabu, au alihesabu akanyamaza.
Baba ndiye aliyeileta, akaliona lile jiwe mbele yangu
limekandamiza kipande cha mafunjo,
kipande changu cha kwanza, kisijepeperushwa na upepo.
Aliligusa kwa kidole kimoja.
Akaligeuza, alama ikatazama chini.
Akaniuliza kama nimekula.